Buibui Mezani pa Bwana

Walisema nimesilimu. Mpaka leo, nikienda harusini au mazishini huku bara, wapo wazee wenzangu wanaoinamishiana vichwa na kunong'ona kwamba huyu ndiye yule mke wa mhubiri aliyesilimu kule Lamu, akamharibia mumewe kazi. Nawasikia. Miguu imechoka, lakini masikio bado mazima. Basi na waseme, ila kabla sijafa nitasema na mimi. Sikusilimu. Nilivaa buibui. Nililivaa kwa hiari yangu, mchana kweupe, na ningeulizwa leo ningelivaa tena.

Tulifika Lamu uhuru ukiwa bado mpya. Mume wangu alikuwa mwinjilisti wa Kipresbiteri, na alipelekwa huko kwa sababu wenzake walipoulizwa nani atakwenda, kila mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana mama mgonjwa. Yeye mama yake alikuwa ameshakufa, hakuwa na kisingizio. Nilishuka gatini nimevaa sweta. Sweta, Lamu! Watoto walinicheka mpaka nikacheka nami.

Kanisa halikuwa na jengo. Tulikodi ghala la zamani la boriti za mikoko, na hata baada ya kulifagia na kulipaka chokaa, mtu akivuta pumzi ndefu ili aimbe alivuta na harufu ya magome na matope. Waumini wetu walikuwa watu wa bara watupu: askari jela wa lile gereza lililokuwa ndani ya ngome, polisi, walimu wawili watatu, makarani wa serikali na wake zao. Wengi wao walikuwa wamehamishiwa Lamu kwa adhabu. Huyu alimtukana mkubwa wake, yule alilewa kazini. Jaribu kuwahubiria furaha watu waliopelekwa mahali kwa adhabu, uone kama utapata amina ya kweli. Mume wangu aliwahubiria hivyo hivyo. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache na sauti ya chini, lakini akisimama mbele ya watu sauti ilimtoka mpaka punda waliofungwa nje wakaacha kula.

Sitampamba. Alikuwa mkaidi. Wakati wa hali ya hatari kule kwetu alikataa kula kiapo cha watu wa msituni waliopigana na Wazungu, wakampiga. Hazikupita siku nyingi Wazungu nao wakamtaka avae gunia lenye matundu ya macho, asimame mbele ya mstari wa wanakijiji na kuwaonyesha kwa kidole waliokula kiapo. Akakataa na hilo, akapigwa na hao pia. Mkono wake wa kushoto haukunyooka tena. Huyo ndiye mtu ambaye baadaye watu walidhani atakubali mkewe avuliwe vazi lake.

Sasa, asiye wa kanisa letu lazima aelewe jambo moja. Kwetu mwinjilisti huhubiri, hufundisha katekisimu, hutembelea wagonjwa na huzika wafu. Lakini kubatiza hawezi, wala kuumega mkate wa Meza ya Bwana. Hiyo ni kazi ya mchungaji aliyewekewa mikono na wachungaji wenzake. Mchungaji wetu alikaa Mombasa, na kwa jinsi barabara na bahari zilivyokuwa alituletea Meza mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hakuja. Mume wangu alikuwa amengoja kuwekewa mikono tangu kabla hajanioa. Vijana aliowafundisha kusoma walishawekewa. Yeye aliambiwa, mwaka ujao, Bwana Mwinjilisti, mwaka ujao.

Haikuwa tamaa ya cheo. Niliyajua hayo siku aliporudi kutoka Kiunga. Ilikuwa miaka ya shifta, wale waasi wenye bunduki wa kaskazini. Watu wa vijiji vya kaskazini walikuwa wakikimbilia visiwani na vitanda vyao kichwani, naye alikuwa akipanda boti kwenda huko huko walikotoka, kuwatembelea polisi waliowekwa Mkokoni na Kiunga. Safari hiyo alimkuta konstebo mmoja, muumini wetu, kijana, amelala na risasi ya tumbo, na boti ya kumpeleka hospitali haijafika. Kijana hakuomba maji. Aliomba mkate wa Bwana.

"Nilikuwa na biskuti mfukoni," mume wangu aliniambia. "Chai kavu ilikuwepo kwenye kikombe. Nikamwimbia wimbo."

Konstebo alikufa akisikiliza wimbo. Mume wangu alikaa jikoni kwangu akiitazama mikono yake, na mimi niliichukia sheria ile kwa moyo wangu wote. Yeye hakuichukia. Alisema tu kwamba lazima awekewe mikono, lazima, hilo lisimpate tena.

Tuliishi ghorofa ya chini ya nyumba ya mawe upande wa Langoni. Juu aliishi mwenye nyumba, mjane wa ukoo wa mji ule, pamoja na binti yake wa pekee. Mimi nilimwita Bi, na yeye aliniita mke wa padri. Nilimweleza zaidi ya mara moja kwamba sisi Wapresbiteri hatuna mapadri.

"Anayesomesha watu kitabu cha Nabii Isa ni padri," alinijibu. "Zaidi ya hayo siyui, wala sitaki kuyua."

Zaidi ya hao wawili sikuwa na mtu. Hakuna aliyenitukana, lazima niseme haki. Nilipopita vichochoroni na gauni langu la bara walinipisha tu, kama anavyopishwa punda mwenye mzigo. Nikifika dukani mazungumzo yalikatika. Nikitoka yakaendelea. Nilikuwa mtu wa vicheko na majirani wengi kule kwetu, na katika mji ule uliojaa watu nilikuwa nazungumza na sufuria.

Binti wa Bi ndiye aliyenihurumia. Alikuwa akishuka ngazi na mimba yake, anakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, anacheka Kiswahili changu. Alisema kwamba nazungumza kama askari anayekagua tikiti. Alinifundisha kukuna nazi bila kujikata vidole, na mimi nilimfundisha kufuma soksi za mtoto, ingawa sijui mtoto wa Lamu angezivaa wapi. Soksi moja ilikwisha. Ya pili haikuisha, kwa sababu alikufa wakati wa kujifungua, yeye na mtoto wake.

Nilipanda ngazi bila kualikwa. Jambo hilo linaonekana dogo kwa mtu asiyetoka kwetu. Kwetu, maiti ilikuwa kitu cha kukimbiwa. Zamani mgonjwa aliyekaribia kufa alitolewa nje ya nyumba ili asifie ndani, na hata sisi tuliobatizwa, tunaoimba habari za ufufuo kila Jumapili, mtu akifa tulitafutana nani atamgusa. Nguo zake hazikuvaliwa na mtu. Mama yangu alikuwa Mkristo wa kwanza katika kijiji chetu, na bado alizichoma nguo za bibi yangu kwa kutumia kijiti kirefu. Mimi, mtoto wa mama huyo, nilipandisha ndoo za maji kutoka kisimani ili binti wa watu aoshwe, nikasimama mlangoni nisithubutu kuingia, nikawaona wanawake wa mji ule wakimwosha taratibu na kumpaka manukato, kama anayetayarishwa kwenda kuolewa. Hawakuogopa. Niliona aibu, na niliwapenda hapo hapo.

Nilikaa mkekani pamoja nao siku zote za matanga. Matanga yalipoisha Bi aligawa nguo za marehemu, kama ilivyo desturi yao, ziwe sadaka. Kanga akampa huyu, viatu akampa yule. Kisha akashuka kwangu na kitu cheusi mkononi.

"Ndoo, mwanangu," aliniita nisogee. "Hili ni lake. Alinambia una kimo chake. Vaa."

Nilimwambia mimi ni Mkristo.

"Kwani nimekwambia usali? Buibui halisali. Husali aliyo ndani yake."

Alipoondoka nililiweka juu ya kitanda nikalitazama kutoka mbali. Si Uislamu niliouogopa. Niliogopa kifo kilichokuwa ndani ya kitambaa kile. Katekisimu yote niliyoikariri, na bado kijiti kirefu cha mama yangu kilikuwa mkononi mwangu! Nikajikasirikia. Nikalichukua kwa mikono yote miwili, nikafunga kamba zake kichwani kama nilivyomwona akifunga, nikalishusha mwilini. Lilinukia udi. Sikukauka, wala sikuona mzimu. Nikachukua kikapu nikaenda sokoni.

Sitasahau matembezi yale. Hakuna aliyenipisha kama punda. Muuza ndizi alinisabahi. Nilipopita chini ya wikio, lile daraja la kufunika linalounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro, sauti ya mwanamke iliita kutoka juu, "Mwendo huo ni wa mbara wa Bi!" na wengine wakacheka, na kicheko kile kilikuwa cha kunikaribisha. Kuanzia siku hiyo milango ilifunguka. Niliingia majumba ambayo hata mkuu wa wilaya hajayaona kwa ndani. Tulifundishana kupika, tuliliana, tuliwasema wanaume. Sikumbadilisha mtu dini yake, na hakuna aliyejaribu kunibadilisha yangu.

Mume wangu alirudi kutoka Mkokoni akaona mwanamke mwenye buibui ameinamia chungu chake cha ugali. Akavua kofia mlangoni, akasema kwa adabu, "Hodi, Bi, samahani, mke wangu yuko?" Nilicheka mpaka mwiko ukanidondoka. Nilipomweleza lilikuwa la nani, akalishika pindo kwa ule mkono wake mzima.

"Umeushinda woga wa nyumbani," akasema. "Mimi bado."

Wa kulipinga alikuwa mzee wetu wa kanisa, mkubwa wa askari jela, mtu mrefu aliyependa amri kuliko chakula. Siku moja tulikutana mbele ya ngome. Alinitambua kwa viatu.

"Mama, hiyo nguo ni ya Waislamu."

"Na hiyo kaptura yako, mzee, ni ya Wazungu," nikamjibu.

Askari wawili waliokuwa nyuma yake waligeuka upande wa bahari. Yeye hakucheka. Najua kwamba kaptura ile ilitugharimu, na bado sijapata kuijutia.

Mwaka huo mchungaji alikuja. Alikuwa mzee mwema, nisimsingizie, na bahari ilikuwa imemtapisha njia nzima. Alileta habari ambayo mume wangu aliingoja ujana wake wote. Presbiteri, lile baraza la wachungaji na wazee wetu, imekubali. Katika mkutano ujao atawekewa mikono, mradi baraza la wazee wa Lamu lishuhudie kwamba nyumba yake ina utaratibu. Mume wangu alitoka nje. Nilimkuta nyuma ya ghala ameegemea ukuta, machozi yanamtoka, anasema peke yake, "Kiunga, Kiunga."

Desturi yetu ni kwamba Jumamosi kabla ya Meza, wazee hukaa pamoja na mchungaji kuamua nani anafaa kuikaribia. Asiyefaa hukaa benchi la nyuma, na sahani ya mkate inampita watu wote wakiona. Mimi ndiye niliyeoka mkate wa Meza tangu tulipofika. Niliuoka kwenye sufuria, moto juu moto chini. Jumamosi hiyo alasiri unga ulikuwa umeumuka jikoni nilipoitwa ghalani. Niliosha mikono, nikavaa buibui langu, nikaenda.

Walikuwa wanne: mchungaji, mzee wa gereza, karani mmoja wa serikali ambaye naye alikuwa mzee wa kanisa, na mume wangu, ambaye hakuruhusiwa kusema kwa kuwa shauri lilimhusu mkewe.

"Mama," mchungaji alianza kwa upole, "nimeambiwa umeingia dini nyingine."

"Nimeingia vipi?"

"Unavaa vazi lao."

"Mchungaji, kile kitambaa cheupe tunachovaa akina mama kanisani kinafunika nini?"

"Kichwa."

"Na hiki?"

Alilitazama buibui kutoka kichwani mpaka pindoni.

"Basi kumbe nyeupe inaokoa na nyeusi inapoteza?"

Karani alikohoa. Mzee wa gereza alisimama. Alisema waumini wamekwazika, wake za askari wataanza kuniiga, na kwamba dawa ni moja tu: nilivue hapo, lichomwe mbele ya ghala watu wakiona, kisha nitubu. Alisema maneno hayo kwa sauti ya mtu anayemsomea mfungwa kanuni.

Hapo niliwaambia lilikuwa la nani. Niliwaeleza habari za binti wa Bi tangu mwanzo, na soksi nikaitaja. Nilidhani watalainika. Mzee wa gereza alisogeza kiti chake nyuma.

"Ni nguo ya maiti?"

"Ndiyo."

"Na umeingia nayo kanisani?"

Nilimwelewa mara moja, kwa sababu woga ule ulikuwa wangu pia, tulinyonya ziwa moja. Lakini mimi niliutupa, na yeye alikuwa anauvisha joho la dini aje kunihukumu nao. Hasira ilinipanda mpaka macho yakaniuma.

"Sasa mzee, niambie. Unaogopa Uislamu au unaogopa maiti? Chagua moja, nijue najibu shitaka gani. Maana huyo Kristo tunayemhubiri alitoka kaburini, na sanda akaiacha humo, na hatukuambiwa kwamba mtu alikimbilia kijiti cha kuichomea."

Mchungaji alifuta uso wake kwa leso. Kisha akasema jambo gumu kuliko yote, na alilisema kwa wema.

"Mama, mimi sikuombi ulichome. Liache nyumbani kesho. Kesho tu. Mumeo anawekewa mikono, mambo yanakwisha."

Kesho tu. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anaitazama mikono yake kama siku ile jikoni, na nilimwona konstebo, na ile biskuti. Nisiseme uongo kwamba sikuyumba. Niliyumba. Lakini njia ya kutoka nyumbani kwetu hadi ghalani ilipita chini ya dirisha la Bi. Angeniona nimepita bila nguo ya mwanawe, siku ambayo watu wangu wakubwa wamekuja, naye angejua kwamba ninamwonea mtoto wake aibu. Hangesema neno. Angenipisha tu. Na ningekuwa nimewapa watu wale ruhusa ya kuniambia kesho tu, kila mwaka, mpaka kaburini.

"Siwezi," nikasema. "Sitalivua kwa amri."

Wakaamua nikae benchi la nyuma mpaka nitakapotubu. Nilikuwa nimefika mlangoni mzee wa gereza aliponiita.

"Mama, na ule mkate wa kesho usichelewe."

Mtu huyo! Niligeuka taratibu.

"Asiyefaa kula hafai kukanda," nikamwambia, nikatoka.

Unga uliokuwa umeumuka niliutia sukari na iliki, nikakaanga mahamri, nikayagawa kichochoroni kwa kila mtoto aliyepita. Huko ngomeni walihangaika. Jioni alitumwa askari akanunue boflo kwa muokaji wa mji, mzee aliyekuwa hagusi unga wake bila bismillahi. Habari Lamu haihitaji miguu. Bi alishuka ngazi ameshika ubavu.

"Wamekunyima wewe," akasema, "halafu mkate wamekuya kununua kwetu?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu amzike bintiye, na kwa kicheko kile tu ningekubali kukaa benchi la nyuma maisha yangu yote.

Mume wangu aliporudi alikuta nimeacha kucheka. Alikaa, akaanza kupiga viatu vyake rangi, kama alivyofanya kila Jumamosi. Nilimwambia kwamba wao hawawezi kunivua, lakini yeye akisema neno nitalivua. Si kwa ajili yao. Kwa ajili ya yule kijana wa Kiunga.

Alipiga brashi kiatu kimoja mpaka kikang'aa, akakiweka chini.

"Mimi gunia lao sikulivaa," akasema. "Nije kukuvua wewe buibui lako? Leta chakula."

Jumapili nilikaa benchi la nyuma peke yangu, mweusi tii kati ya vitambaa vyeupe. Watu walijitahidi kutogeuka, na shingo zao zilionekana zinavyojitahidi. Mchungaji aliumega mkate wa muokaji wa mji, akasema maneno ya Meza, akawapa wazee sahani wawapitishie watu. Mwinjilisti hukaa mbele kabisa, na ndiye wa kwanza kupewa baada ya mchungaji. Karani alipomsogelea na sahani, mume wangu alisimama. Tulidhani anasimama kwa heshima. Akageuka, akatembea katikati ya mabenchi na koti lake la kahawia, viatu vinang'aa, akapita walimu, akapita wake za askari, akapita askari wenyewe, akaja akakaa karibu nami.

Sahani ilifika nyuma ikiwa mikononi mwa mzee wa gereza. Alinyoosha mkono kunipita, akamfikishia mume wangu. Mume wangu alikunja mikono yake magotini, ule uliopinda chini, ule mzima juu.

"Mwenzangu hajala," akasema. Hakusema kwa ile sauti ya kuhubiri. Alisema kwa sauti ya nyumbani, lakini ghala zima lilisikia. Mzee akarudi na sahani yake mbele.

Hakuwekewa mikono. Nyumba yake, walisema, haina utaratibu. Mchungaji alituaga akinishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema ataniombea, nami nikamjibu kwamba dua haikataliwi. Baadaye mume wangu aliitwa Mombasa akavuliwa hata huo uinjilisti, kwa kosa jingine nitakalolisema sasa hivi. Aliendelea kuhubiri bila ruhusa na bila mshahara, mimi nikiuza mahamri, kwanza ghalani mpaka tukatolewa, kisha chini ya nyumba ya Bi, ambaye alituambia tuimbe polepole wakati wa sala zao na tupige kelele tutakavyo saa nyingine. Tulirudi bara muongo ule ukiisha. Alizikwa bila cheo chochote. Mimi mwenyewe nilimwosha, na walionisaidia walisimama mlangoni.

Kosa lenyewe ni hili. Miezi michache baada ya Jumapili ile ilifika habari kwamba kituo cha Kiunga kimeshambuliwa tena, wapo waliojeruhiwa. Boti ya kwenda Mtangawanda ilikuwa inaondoka asubuhi hiyo, na kutoka huko angepata chombo cha kumvusha mbele. Mume wangu alifunga mfuko wake. Mimi nilikuwa nimeamka mapema, sufuria iko motoni, moto juu moto chini. Nilikuwa nimechemsha zabibu kavu nikayachuja maji yake kwenye chupa yawe divai. Niliutoa mkate, nikaufunga ndani ya kile kitambaa changu cheupe cha kanisani, nikauweka mezani mbele yake pamoja na chupa.

Akauweka mfuko chini.

"Unajua watasema nini," akasema.

"Watasema."

Nilivaa buibui langu nimsindikize gatini. Nilikuwa sijafunga kamba zake aliponiambia ningoje. Alikifungua kitambaa, akaumega mkate kwa mikono yake miwili, mmoja umepinda, akayasema maneno ya Meza yote, taratibu, pale jikoni, huku juu yetu nyayo za Bi zikienda na kurudi. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amempa ruhusa. Kisha akamega kipande cha kwanza, akakinyoosha kwangu.

"Wewe kwanza," akasema. "Nikifika Kiunga niwaambie tayari mtu amekula."

Nilikula nimesimama. Ulikuwa bado wa moto.